Vidonge vya Kuzuia Kinasi Haviazimwi

Kitengo chetu cha taarifa za dawa kinazidi kupokea maswali kuhusu vidonge vya kuzuia kinasi, na mengi yanafanana: "Mwenzangu mwenye saratani alipewa kidonge hiki akapata nafuu, mbona mimi nimenyimwa?" Wengine hawaulizi tena, wanaazimana. Wapo pia wanaouziwa vinywaji vya "kuua kinasi mwilini". Tumeona tulieleze suala hili kinagaubaga.

Kinasi si sumu wala si mdudu aliyeingia kutoka nje. Ni vimeng'enya vya mwili wako mwenyewe, vya aina zaidi ya 500, na bila hivyo seli haigawanyiki wala insulini haifikishi ujumbe wake. Kinasi huchukua fosfeti moja (kikundi kidogo cha kemikali) kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Protini iliyobandikwa hubadilika umbo, na utendaji wake hubadilika pia. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, huibandua fosfeti hiyo. Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliofumbua utaratibu huu katika miaka ya 1950, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1992. Kinywaji chenye uwezo wa kuua kinasi zote kingemuua na mnywaji. Tunaomba biashara hiyo isiendelee kupata wateja.

Jambo ambalo wengi hawajaelezwa ni kwamba kinasi haijiamulii. Inaamuliwa na protini iliyoishika. Kinasi za CDK, zinazosukuma mgawanyiko wa seli, ni bubu mpaka protini iitwayo saiklini iungane nazo na kusogeza kipande kilichoziba mlango wa kazi. Ikija protini nyingine, p27, ikawakumbatia wote wawili, kazi inasimama tena.

Itazameni kwa karibu kinasi ya Src. Mkiani ina asidi amino (tofali la kujengea protini) moja, tairosini. Kinasi jirani, Csk, ikiibandika fosfeti hapo, mkia hujikunja na kunaswa na sehemu nyingine ya Src hiyo hiyo, nayo Src hujifunga. Virusi vya Rous, vinavyosababisha uvimbe kwa kuku, hubeba jeni ya Src isiyo na kipande hicho cha mkia. Src ya namna hiyo haina cha kujifungia, kwa hiyo hutuma ishara bila kukoma. Kimeng'enya ni kile kile, kilichopotea ni mshiko tu.

Katika lukemia sugu ya mailoidi, aina ya saratani ya damu, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana nafasi na kuzaa protini mseto, BCR-ABL. Upande wa ABL, ambao ndio kinasi, hupoteza kipande kilichokuwa kikiituliza. Upande wa BCR huleta ncha inayopenda kushikana na ncha za aina yake, hivyo protini hizi hukusanyika na kubandikana fosfeti zenyewe kwa zenyewe. Imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukaa mahali pa ATP na kuishikilia ABL katika umbo lake la kulala. Ndiyo maana inafaa hapo, na ndiyo maana haifai kila saratani.

Sasa tuje kwenye kuazimana. Katika melanoma nyingi, aina ya saratani ya ngozi, kinasi ya BRAF huwa imebadilika asidi amino moja, ya 600, na hufanya kazi peke yake bila kuhitaji mwenzi. Vemurafenibu huizima. Lakini BRAF ya kawaida hufanya kazi kwa jozi, na dawa hiyo ikimshika mmoja ndani ya seli ambayo protini ya RAS, inayoiamsha BRAF, imeamka, huchochea jozi kuundwa na mwenzake huwaka. Ishara inapanda badala ya kushuka. Baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa hiyo peke yake waliota saratani nyingine za ngozi kwa sababu hii, na siku hizi aghalabu huongezewa dawa ya kuzuia MEK, kinasi inayofuata katika mnyororo. Kwa hiyo kidonge cha kuazima kinaweza kuulisha uvimbe wako. Tumelisema hili mara nyingi, na bado tunaletewa wagonjwa walioanza dawa bila kipimo cha jeni.

Kwa wanaotumia imatinibu, utaratibu ni huu. Meza pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Epuka juisi ya balungi, kwa kuwa huzuia ini kuivunja dawa. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Kipimo cha BCR-ABL hurudiwa kila baada ya miezi 3, na tunatarajia kiwango kisizidi asilimia 10 kwenye mwezi wa 3, asilimia 1 kwenye mwezi wa 6 na asilimia 0.1 kwenye mwezi wa 12. Kisiposhuka, au kikipanda tena, usikimbilie kusema umeuziwa dawa bandia. Huenda dozi zinarukwa, au ABL imebadilika asidi amino ya 315 na imatinibu haipati tena pa kukaa. Kipimo kingine ndicho kitakachoonyesha, na zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya badiliko hilo, mojawapo ikiwa ponatinibu. Ukishuku dawa kweli, ilete na pakiti yake yenye namba ya toleo, usiihamishie kwenye chupa nyingine.

Vidonge vinavyobaki baada ya daktari kubadilisha tiba virudishwe kwa mfamasia. Kumpa mtu mwingine dawa iliyoandikiwa jina lako ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, hata kama hukupokea malipo na hata kama ni ndugu yako wa damu.