Madini si mbale, na wala si wingi wa dini

Juzi tena barazani, kijana kaja na jiwe kalifunga kwenye leso, "ami, n'meokota madini pangoni". Linang'aa kweli, siwezi kusema uongo, watu macho yakawatoka na mmoja keshaanza kuuliza lile shamba la nani. Hii mara ya nne au ya tano mwaka huu, mie n'shachoka, ndo maana naandika.

Haraka haraka basi. Madini ni kitu kigumu cha asili chenye kemikali zake na mpangilio wake maalumu. Mbale ni jiwe lenye madini ya kutosha, kiasi kwamba ukilichimba, ukalisaga na ukatoa metali iliyomo, unabakiwa na faida. Basi. Kwa hesabu hiyo jiwe la matumbawe lililojengewa Mji Mkongwe wote ni madini matupu, karibu lote kalsaiti na ndugu yake aragonaiti, yaani madini ya chokaa, na hakuna aliyewahi kupiga kelele.

Neno lenyewe tumelitoa Uarabuni, maadin, na lile "ma" la mwanzo limo ndani ya neno tangu huko, si ma ya wingi kama mawe, kwa hiyo asije mtu akatafuta umoja wake akaangukia kwenye dini. Mzizi wake ni wa kukaa mahali ukatulia, ndo ule ule wa Jannatu Adn tunayoisikia kila siku, bustani za kukaa milele. Yaani hapo mwanzo maadin ni mahali, pale kitu kilipotulia ardhini, na Waarabu wa zamani mgodi waliuita hivyo hivyo. Sie tukachukua kilichomo tukaacha mahali, na sasa neno moja tunalibebesha mzigo wa matatu: madini, mbale na metali. Halafu 2017 makinikia yalipozuiwa kusafirishwa nje ya nchi kila mtu alilijua lile neno ndani ya wiki moja, na makinikia ni mbale iliyokwisha kusagwa na kuchujwa tu, lakini mbale yenyewe hakuna anaeitaja!

Wengine wamesoma mahali kwamba metali za risasi na zinki hukaa kwenye mawe ya chokaa, basi wanatazama maweni kwetu wanapiga hesabu. Ni kweli hukaa. Kabwe kule Zambia wamechimba risasi na zinki ndani ya dolomaiti, ambayo ni ndugu yake chokaa, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka 1994. Lakini chokaa ni nyumba tu, mgeni lazima aje. Mgeni ni maji ya chumvi kali yenye joto, mara nyingi baina ya digrii 75 na 200 za Selsiasi, yanatoka mbali chini huko yamebeba metali, yanapita kwenye nyufa na mapango, yakikutana na salfa ndo yanaitua mizigo: madini ya risasi yaitwayo galena, na ya zinki yaitwayo sfaleraiti. Nyumba bila mgeni ni nyumba.

Na hata mgeni akija bado. Kipande cha galena safi ni risasi asilimia 86, lakini kinaweza kuwa punje moja ndani ya jiwe zima la chokaa, ndo maana wataalamu wanachoronga, wanatoa vipande virefu vya mwamba, wanapima maabara asilimia ngapi na kwa upana gani, kisha wanatazama bei. Zinki ikishuka bei, jiwe lile lile lililokuwa mbale jana leo ni jiwe.

Turudi kwa kijana. N'kalinyanyua, jepesi. Galena nzito mara saba na nusu ya maji, ukiishika mkono unashuka. N'kakwangua unga kidogo kwa kisu, n'katia siki, ukatoa povu. Kalsaiti, chokaa ile ile, imeota vizuri tu pangoni. N'kamwambia mwanangu hukukosea, madini ni madini, ila ukiulizwa sema kalsaiti, na neno mbale liache mpaka maabara iseme. Akanitazama, akalifunga tena kwenye leso yake.

"Lakini zuri, ami."

Zuri sana.