Homoni moja, mkia unayeyuka na miguu inaota

Mvua za vuli zikishika, majaruba ya mpunga ya Misungwi na Magu, huku Mwanza, hujaa viluwiluwi wa chura. Wanaogelea kwa mkia, wanapumua kwa matamvua, wengi wanakula mwani. Baada ya muda kiumbe yule yule ana miguu minne na mapafu, utumbo umefupika, na chakula chake sasa ni wadudu. Jeni zake ni zile zile alizoanguliwa nazo. Kilichobadilika ni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa, na amri hiyo ni homoni inayotoka kwenye tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni.

Dalili ya kwanza ilipatikana mwaka 1912, J. F. Gudernatsch alipowalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi ya farasi. Waligeuka vyura kabla ya wakati, vidogo mno. Miaka michache baadaye Bennet Allen alifanya kinyume: aliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo. Wakakua tu, wakawa mapandikizi ya viluwiluwi yasiyogeuka chura.

Homoni ya tezi hiyo husambaa mwili mzima kwa njia ya damu, kama gari la matangazo linalopita mtaa wa Kirumba: wote wanasikia, ila kila nyumba ina lake la kufanya. Ndani ya kiini cha seli kuna vipokezi, protini zilizokwisha kukaa juu ya DNA zikiingoja homoni. Wengi hudhani vipokezi hivi hukaa bure mpaka homoni ifike. Sivyo. Wakati wa kungoja vinafanya kazi ya kufunga: vinaita vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini) vinavyoifanya DNA ijikaze kwenye protini ilizozungushiwa, isisomeke. Homoni ikinasa, kipokezi hubadili umbo, wafungaji wanaachia, wanakuja wengine wa kulegeza, na jeni inaanza kunakiliwa. Miongoni mwa jeni za mwanzo kufunguliwa ni ya kipokezi chenyewe, hivyo kadiri homoni inavyozidi ndivyo seli inavyozidi kuwa nyepesi kuitikia.

Miguuni, jeni zinazofunguka huzifanya seli zigawanyike. Mkiani, homoni hiyo hiyo hufungua jeni za vimeng'enya vinavyosaga nyama. Kwangu mimi jaribio tamu kuliko yote ni la J. R. Tata, mwaka 1966. Mkia uliokatwa na kuwekwa kwenye kisahani cha maabara ulinywea ulipotiwa homoni. Alipoongeza dawa inayozuia jeni kunakiliwa, haukunywea. Maana yake seli za mkia haziozi hivi hivi. Hata kufa kunazitaka zitengeneze kitu kipya kwanza.

Ratiba nayo imepangwa. Homoni hutoka kwenye tezi ikiwa na atomu 4 za iodini, na ili ipate makali lazima moja ing'olewe. Kimeng'enya cha kuing'oa huwahi kuonekana miguuni na huchelewa mkiani. Kiluwiluwi aliyepoteza mkia kabla ya kupata miguu angekuwa kitoweo cha ndege siku hiyo hiyo.

Homoni nyingine, estrojeni, ile ya kike, hufanya vituko kwenye ini. Huku kwetu yupo chura mwenye kucha, Xenopus victorianus. Ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, ndiye aliyesambaa katika maabara za dunia, kwanza kwa kupimia mimba kuanzia miaka ya 1930: jike alidungwa mkojo wa mama, na akitaga mayai, jibu ndilo hilo. Kwa jike, estrojeni huliamuru ini kutengeneza vitelojenini, protini inayojaza kiini cha yai. Dume naye ana jeni hiyo, ila imefungwa. Mdunge estrojeni, ini lake litaanza kutengeneza protini ya mayai asiyokuwa nayo! Mdunge tena baadaye, litaitikia haraka zaidi ya mara ya kwanza.

Ndiyo maana wataalamu hutafuta vitelojenini kwenye damu ya madume wa samaki na vyura. Ikionekana, maji yana kemikali zinazojifanya estrojeni, mara nyingi kutoka kwenye majitaka. Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji letu na kuishia ziwani, kwa hiyo naona kipimo hicho kinatufaa sana.

Turudi kwenye thairoidi, maana homoni ya chura na ya kwako ni molekuli ile ile. Ubongo wa mtoto aliye tumboni unaitegemea, na mwili hauwezi kuitengeneza bila iodini, ambayo kwenye pakiti za chumvi huitwa madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Madini hayo hupungua chumvi ikiachwa wazi juani au kwenye unyevu, kwa hiyo itie kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na uiweke kwenye mboga inapokaribia kuiva.