Steringi Hafi, na Mengine Tunayodanganyana Kuhusu Muvi za Mashujaa

Ukisema "mashujaa" hapa Kigoma, wa kwanza kukujibu atakuuliza mechi ni lini. Mashujaa ni timu yetu, imeonekana Ligi Kuu tangu msimu wa 2023/24, na siku ikicheza Uwanja wa Lake Tanganyika mji mzima unajua. Wale wengine, wa muvi, wenye nguo za kubana na makoti ya kupepea, tunawataja kwa majina yao tu. Kinyozi wangu wa Mwanga ana runinga ukutani inayowaonyesha kutwa nzima, na kila nikikaa kwenye kiti chake natoka na nywele fupi na uongo mpya.

Si uongo wa makusudi. Wengi wetu tuliwajua watu hawa kwenye kibanda umiza, kwa sauti ya mtafsiri, na mtafsiri hodari hakuwa mtu wa kutafsiri bali wa kutunga. Wa banda letu alimpa Thor ukoo kabisa: mjomba wake Superman, wamegombania urithi, ndiyo maana mmoja ana nyundo na mwenzake hana kitu mkononi. Nawajua watu wazima wenye wake na watoto wanaoamini hivyo mpaka leo.

"Wote ni wa Marvel"

Hapana. Superman, Batman na Wonder Woman ni wa kampuni ya katuni ya DC. Superman ndiye kaka mkubwa wa ukoo mzima: alitoka kwenye kitabu cha katuni mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao waliiuza haki yake kwa dola 130. Batman alimfuata mwaka 1939. Marvel ni nyumba nyingine yenye watu wake: Captain America, Thor, Iron Man, Hulk. Kwenye muvi za sinema nyumba hizi mbili hazijawahi kukutana. Ukimwona Batman anazichapa na Iron Man kwenye simu ya mtu, kuna kijana amekaa chumbani kwake akaziunganisha.

Anayechanganya watu ni Spider-Man, na hapo nawaelewa. Mwaka 1996 Marvel ilikuwa hoi kwa madeni, ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Katika miaka ile ya dhiki haki za kuwatengenezea muvi wahusika wake ziligawanywa huku na kule, X-Men wakaangukia Fox na Spider-Man akaenda Sony. Disney ilipoinunua Marvel mwaka 2009, kwa dola bilioni 4 hivi, Spider-Man hakuwamo kwenye mzigo. Ilibidi yafanyike makubaliano na Sony mwaka 2015 ndipo mwaka uliofuata tukamwona akipigana bega kwa bega na kina Iron Man. Yaani kwa lugha ya mpira, yule ni mchezaji wa mkopo. Nilipomweleza kinyozi hivyo alielewa mara moja, akauliza kama mkataba una kipengele cha kumnunua moja kwa moja.

"Hizo ni za watoto"

Hii iliniponza mimi mwenyewe. Likizo moja ya Desemba dada yangu aliniachia mwanawe wa miaka minane, nami nikampeleka bandani kuona Deadpool. Niliona vazi jekundu kwenye bango, nikajua ni ndugu yake Spider-Man. Nitasema hivi tu: matusi ndiyo sehemu pekee ambayo mtafsiri wetu alikuwa akiitafsiri kwa uaminifu. Jioni tumekaa mezani, ugali na mgebuka, mtoto akamwomba mama yake chumvi kwa maneno aliyoyaokota kule. Dada hakunisemesha siku tatu.

Deadpool ya 2016, Logan ya 2017 na Joker ya 2019 zote kule Marekani ziliwekwa kwenye daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Wala si damu tu iliyozipeleka huko. Logan ni hadithi ya mzee mgonjwa anayemuuguza mzee mwenzake aliyeanza kupoteza akili, na uandishi wake uliteuliwa kuwania Oscar. Joker ilichukua Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice, na Joaquin Phoenix akapata Oscar ya mwigizaji bora. Kabla yake Heath Ledger alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kumcheza Joker huyohuyo katika The Dark Knight, ila aliipata akiwa ameshafariki. Alikufa Januari 2008, muvi haijatoka. Na ile sizoni ya The Boys, usiiwashe hata bibi akiwa chumba cha pili.

"Wakanda ni huku kwetu"

Hapa mabishano hufika hadi watu kusimama na shuka ya kunyolea shingoni. Kuna fundi pikipiki mmoja anashikilia kwamba Wakanda, ile nchi ya kwenye muvi ya Black Panther, ni Kiswahili safi: wa-kanda, watu wa kanda. Kanda ipi? Ya ziwa, basi. Mwenzake anasema nchi ile ipo milima ya Kongo, ukiwa Kibirizi asubuhi hakuna ukungu unaiona ng'ambo. Na wote wawili wanakubaliana kwamba lugha inayozungumzwa mle ni Kiswahili cha zamani.

Wakanda haipo. Ilitungwa New York na Stan Lee na Jack Kirby, watunzi wa katuni za Marvel, na mfalme wake, Black Panther, akatokea kwenye katuni mwaka 1966, miezi kadhaa kabla ya kile chama cha Weusi wa Marekani chenye jina kama lake. Muvi ya 2018 iliwekwa Afrika Mashariki kwa maneno, lakini sehemu kubwa ilipigwa Atlanta, jimbo la Georgia, na yale maporomoko ambako wafalme wanapigana yalijengwa na mafundi. Lugha ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Aliyeileta ni mzee John Kani, aliyemcheza baba wa mfalme: ndiyo lugha yake, akaanza kuitumia walipokuwa wanatengeneza Captain America: Civil War ya 2016, na Chadwick Boseman, aliyemcheza mfalme mwenyewe, akajifunza kumjibu. Kiswahili kimeambulia neno moja ninaloweza kuliapia, Jabari, lile kabila la mlimani. Fundi pikipiki alipolisikia alipiga makofi kama kashinda kesi.

Mimi naona ukweli wenyewe una raha kuliko uongo wa kanda. Yale mavazi si ya kubuni hewani. Wale wa mpakani wamejitanda blanketi za Wasotho. Kofia ya malkia ni ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ila imetengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya 3D. Sauti inayofungua muziki ni ya Baaba Maal wa Senegal. Ruth Carter aliyebuni mavazi na Hannah Beachler aliyebuni mandhari wote walibeba Oscar. Ni Afrika iliyookotezwa kipande hapa kipande kule, kama kanga za mafungu. Ukikaa kuangalia nani katoka wapi, muvi inakuwa mbili.

Na kuhusu Black Panther kuwa shujaa mweusi wa kwanza kwenye sinema, vijana watanisamehe. Sisi wenye umri tulishamwona Wesley Snipes mwaka 1998 ndani ya Blade, amevaa miwani usiku, anakata vichwa vya wanyonya damu. Nayo ilitangulia X-Men na Spider-Man za sinema. Mwaka mmoja kabla yake Michael Jai White alikuwa Spawn, na Shaquille O'Neal, yule wa kikapu, alikuwa Steel. Hiyo ya Shaquille sikushauri.

"Kila kitu ni kompyuta"

Vingi, ndiyo. Lakini lile lori linalopinduka kichwa chini miguu juu katikati ya mtaa kwenye The Dark Knight lilipinduliwa kweli, Chicago, usiku. Na Christopher Reeve hakuvunjika shingo akiruka kama Superman, kama tulivyoambiwa utotoni. Alianguka kutoka kwenye farasi mashindanoni mwaka 1995, miaka mingi baada ya kulivua lile koti.

"Sizoni ni makombo ya muvi"

Wanaosema hivi wengi hawana saa za kutosha, nami siwalaumu. Umeme ukikatika sehemu ya tatu, hadithi imekufa. Lakini kuna mambo muvi ya saa mbili haiwezi. WandaVision, ya 2021, inamchukua mwanamke mwenye msiba na kumfungia ndani ya vichekesho vya runinga vya Kimarekani, muongo mmoja baada ya mwingine. Kwanza utadhani umewekewa sizoni isiyo yake. Aliyeiruka alikuja kuangalia Doctor Strange ya 2022 akabaki anauliza huyu mama ana hasira za nini.

Halafu kuna Watchmen ya HBO, ya 2019. Inaanza na mtaa wa Weusi unachomwa moto, ndege zinapita juu, mtoto anafichwa ndani ya sanduku. Niliiona kwa rafiki yangu Ujiji, naye akasema waandishi wamezidisha. Hawakuzidisha. Ni Greenwood, mjini Tulsa, mwaka 1921, na yalitokea. Sote wawili tulikuwa tumesoma historia ya Marekani kidogo shuleni na hatukuwahi kuisikia Tulsa, mpaka ilipotufikia kupitia watu wenye vinyago.

Kwa upande wa wapwa zangu wa kike, mimi sasa hivi naweka Supa Team 4 na kutulia. Ni katuni ya Netflix ya 2023, imetungwa na Malenga Mulendema wa Zambia: wasichana wanne wa sekondari wanaulinda mji wa Lusaka. Zambia si mbali hivyo. MV Liemba ilikuwa ikitoka hapa bandarini kwetu na kushuka ziwa hadi Mpulungu.

"Steringi hafi"

Hii ndiyo mama yao. Wavuvi wa dagaa hufuata giza, kwa sababu taa zao hazina maana mbele ya mwezi. Kwa hiyo mbalamwezi ikikaza mitumbwi inapumzika na mabanda ya Kibirizi yanajaa. Usiku mmoja wa namna hiyo waliweka Avengers: Endgame. Ndiyo ile iliyokaa juu ya muvi zote duniani kwa mapato, karibu dola bilioni 2.8, hadi Avatar iliporudishwa sinema za China mwaka 2021 na kukipokonya kiti.

Tony Stark, ndiye Iron Man, akafa. Banda kimya. Mvuvi mmoja, mtu mzima, akasimama na kumwambia mwenye banda aweke sehemu ya pili, hii imekatwa. Akajibiwa ndiyo mwisho. Akadai mia tano yake.

Wala simcheki. Sisi ni watu wa Liemba: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikawa inabeba abiria tena. Mtu aliyekulia hapa akikataa kwamba kilichozama kimezama, ana ushahidi.

Julai 2024 Robert Downey Jr., aliyemcheza Stark, alipanda jukwaani San Diego akavua kinyago kutangaza kwamba anarudi. Nilimwonyesha yule mvuvi kwenye simu.

"Si niliwaambia?"

"Kaka, anayerudi ni mwigizaji. Stark kafa. Huyu sasa anaitwa Doctor Doom, na ndiye adui."

Akairudisha ile video mwanzo, akaiangalia tena taratibu hadi kinyago kilipovuliwa.

"Haya. Na steringi nani?"