Tairi nyembamba siyo lazima iwe na kasi
Imani ya zamani ni kwamba baiskeli ya mbio huenda kasi ikiwa na tairi nyembamba, iliyojazwa upepo hadi ikawa ngumu kama jiwe. Kwenye sakafu laini ya uwanja wa mashindano, sawa. Barabarani kuna kokoto na viraka vya lami. Tairi ngumu hurushwa na kila kimoja, na nguvu uliyokanyagia huishia kukutikisa mwili. Tairi pana yenye upepo wa kiasi humeza hayo na kuendelea kuviringika. Hata Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ambako tairi za upana wa milimita 23 zilikuwa kawaida, siku hizi wanatumia 28 au zaidi.

Kwa hiyo, ukitaka baiskeli ya mbio utakayosafiria mara mojamoja, dukani anza kwa kuangalia nafasi kati ya tairi na fremu. Baiskeli zenye breki za kubana rimu mara nyingi hukomea tairi za milimita 25 au 28. Zenye breki za diski, nyingi hupokea 32. Kisha inama karibu na ekseli ya nyuma: kuna vitundu vya skrubu vya kufungia keria? Visipokuwepo, mzigo huenda ukaishia mgongoni, na huo unachosha kweli. Uzito wa fremu, ambao wauzaji hupenda kuusifia, ni jambo dogo ukishapakia maji, nguo na spana.