Chuo Kikuu au Ufundi Stadi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba ufundi stadi ni fungu la waliofeli: aliyefaulu huenda chuo kikuu, na aliyebaki hutafutiwa chuo cha ufundi ili asikae bure. Nchini Uswisi, takriban theluthi mbili ya vijana wanaomaliza elimu ya lazima huingia katika mafunzo ya ufundi, na mafunzo hayo hayaishii kwenye nyundo na spana, kwani wapo wanagenzi, yaani wanaojifunza kazi wakiwa kazini, wa benki, wa maabara na wa bima. Sergio Ermotti, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa UBS, benki kubwa ya Uswisi, alianza akiwa mwanagenzi katika benki mjini Lugano. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, lakini anaonyesha kwamba mlango haukuwa umefungwa.

Suala hilo la mlango ndilo ninaloliona kuwa zito zaidi. Wengi huamini kwamba anayechagua ufundi amekiaga chuo kikuu moja kwa moja, ilhali ukweli wa jambo hili hutegemea sera za nchi. Ujerumani iliamua mwaka 2009 kwamba mwenye cheti cha fundi bingwa, yaani cha ngazi ya juu katika ufundi wake, anaweza kuomba nafasi chuo kikuu, na katika mfumo wake wa viwango vya sifa cheti hicho kimewekwa ngazi ya 6, sawa na shahada ya kwanza. Uingereza nayo ilianzisha mwaka 2015 uanagenzi wa shahada, ambapo mwanafunzi huajiriwa, hulipwa mshahara na huhitimu akiwa na shahada. Mahali ambapo daraja la namna hii halijajengwa, hofu ya wazazi si dhana potofu hata kidogo, ila lawama iwaendee waliopanga mfumo, si ufundi wenyewe.

Kuhusu kipato, zipo dhana mbili zinazovutana, na zote zina kasoro. Ya kwanza husema shahada ni dhamana ya mshahara mnono. Ni kweli kwamba katika nchi za OECD, jumuiya ya kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, wahitimu wa elimu ya juu, kwa wastani, hulipwa zaidi na hukosa kazi mara chache kuliko walioishia sekondari, lakini wastani huo unawachanganya wahitimu wa fani zinazogombewa na waajiri na wale wa fani zenye nafasi chache, wala hauhesabu ada, mikopo na miaka aliyokaa mtu bila ujira. Ya pili, inayopendwa sana siku hizi, husema fundi bomba humzidi msomi yeyote kwa mapato. Wanaoisimulia kwa kawaida humtaja fundi mwenye biashara yake, wakasahau kutoa gharama za vifaa, usafiri na siku zisizo na kazi, kisha wakamlinganisha na mwajiriwa wa ofisini.

Eti chuo kikuu ni nadharia na ufundi ni mikono? Daktari hapewi leseni kabla ya kufanya kazi wodini chini ya usimamizi, na fundi umeme asiyejua kukokotoa mkondo atachagua waya mwembamba utakaoshika moto.

Dhana ya mwisho ni kwamba ujuzi ukishapatikana humtosha mtu maisha yote. Utafiti wa mwanauchumi Eric Hanushek na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliosoma ufundi huwahi kupata ajira ujanani, lakini faida hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga, hasa katika nchi zenye uanagenzi mpana, kwa kuwa ujuzi mahususi huchakaa teknolojia inapobadilika. Hata hivyo, shahada iliyojengwa juu ya programu moja ya kompyuta huchakaa vilevile. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, iwe ya chuo kikuu au ya ufundi, mwombaji aulize ni sehemu gani ya muda itatumika kwenye karakana au kazini, ni nani anayekitambua cheti hicho nje ya chuo, na masomo gani ya msingi, kama hisabati na uandishi, yamebaki kwenye mtaala.