Cheti ulichojisainia husimba data kama vyeti vingine

Imani kwamba cheti cha seva ulichojisainia mwenyewe (self-signed) "hakisimbi" data imedumu miaka mingi, nayo si kweli. Usimbaji ni uleule wa TLS, itifaki inayolinda mawasiliano ya HTTPS. Kinachokosekana ni mdhamini: kivinjari hakina wa kumuuliza kama seva hiyo ndiyo yenyewe, ndiyo maana huonya.

Kutengeneza cheti hicho kwenye kompyuta yako ya kazi, programu ya OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi inatosha:

openssl req -x509 -newkey rsa:2048 -nodes -days 365 -keyout key.pem -out cert.pem -subj "/CN=localhost" -addext "subjectAltName=DNS:localhost,IP:127.0.0.1"

Kipande cha mwisho, -addext, ndicho wengi hukiruka. Tangu toleo la 58 la mwaka 2017, Chrome haitazami tena CN (sehemu ya jina ndani ya cheti). Husoma subjectAltName pekee, yaani orodha ya majina na anwani za seva. Ikikosekana, hata ukishakiweka cheti kwenye hifadhi ya vyeti vinavyoaminika utapata ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID. Ujumbe huo hupotosha: watu hurudi kuhariri CN ambayo haina kosa lolote. Anwani ya IP nayo huanza na IP:, si DNS:.

Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, kwa kawaida haisomi hifadhi ya vyeti ya mfumo wa uendeshaji. Ielekeze kwenye cert.pem kwa kigezo cha mazingira NODE_EXTRA_CA_CERTS. Tafadhali usiweke NODE_TLS_REJECT_UNAUTHORIZED=0, kwani hapo hata cheti cha mvamizi kitapita. Na kwa kuwa -nodes huacha ufunguo bila nywila, key.pem (faili la ufunguo huo) isiingie kwenye hifadhi ya msimbo ya Git.