Athari ya Bohr: damu inajuaje pa kuachia oksijeni?

Mpakiaji wa soko la mahindi Kibaigwa akijitwisha gunia la kilo 100, mapaja yake yanadai oksijeni nyingi kuliko masikio yake, ilhali damu inayopita kote ni ileile. Mapaja yanapataje zaidi? Kwanza, mishipa hutanuka penye kazi. La pili limo ndani ya damu yenyewe, nalo huitwa athari ya Bohr, kwa jina la Christian Bohr, mwanasayansi wa Denmark aliyeieleza na wenzake mwaka 1904.

Himoglobini ni protini ya seli nyekundu za damu. Molekuli yake moja ina atomi nne za chuma, na kila atomi hushika molekuli moja ya oksijeni. Mapafuni hushika kwa nguvu. Ikifika kwenye msuli unaofanya kazi, inakuta joto na hewa ya ukaa tele. Hewa hiyo huingia ndani ya seli nyekundu, kimeng'enya huiunganisha na maji, asidi inatokea. Asidi hubadili umbo la himoglobini, mshiko unalegea, oksijeni inatoka. Yaani taka za msuli ndizo zinazodai oksijeni. Amri haitoki kwenye ubongo. Mapafuni mambo hugeuka: hewa ya ukaa inatoka, mshiko unakaza tena.

Mtu akiwa amepumzika, damu hurudi moyoni na takriban robo tatu ya oksijeni yake. Hiyo ndiyo akiba ya kubebea gunia.

Sasa tuje kwenye jiko la mkaa. Juni na Julai, baridi ya Dodoma ikibana, wapo wanaolala nalo ndani, madirisha yamefungwa. Gesi yake, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwamba inachukua nafasi, wengi wanajua. Lisilosemwa sana ni kuwa himoglobini iliyokwisha kushikwa na gesi hiyo hukaza mshiko kwa oksijeni iliyobaki nayo: inafika kwenye ubongo, haiachii. Kipimo cha kawaida cha kidoleni, kile cha kupima oksijeni ya damu, hakitofautishi gesi hizo mbili, hivyo kinaweza kusoma asilimia 98 huku mtu anazirai. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwanza, mwahishe hospitali, na uwaambie wahudumu kwamba chumbani mlikuwa na jiko la mkaa, ili wampe oksijeni hata kama namba inapendeza.